Jinsi ya kuadhimisha mji mdogo ulioanzisha vita: mfano wa Takaungu 1895

Mwanzo kabisa, kabla hujakodi tenti wala hujafungua grupu ya wasap ya michango, kaeni chini muandike sentensi moja tu ya kusema mji wenu ulifanya nini, lini, na dhidi ya nani. Mkishindwa kuiandika basi bado hamko tayari, manake sherehe nyingi za mashujaa nilizohudhuria hapa pwani mtu anaondoka na fulana na chupa ya maji na ukimuuliza leo tulikuwa tunamkumbuka nani anakwambia ni mambo ya wazee hayo. Mimi nitatumia Takaungu, mji mdogo wa pwani ya Kenya upande wa Kilifi, sababu ndo mji unaoniuma roho, lakini mtu wa Gazi, wa Witu, wa Chakama, hata wa Pangani kule Tanzania anaweza kuzichukua hatua hizi akazitia kwake.

Sentensi ya Takaungu mimi naiandika hivi: mwaka 1895 watu wengi wa Takaungu walikataa kuchaguliwa mtawala na kampuni ya Kiingereza, na kukataa kwao kukawasha vita vilivyoenea kutoka upande wa Malindi mpaka karibu na mpaka wa Wajerumani kusini, vikaisha Aprili 1896.

Mkishakuwa na sentensi, ijueni hadithi nzima mpaka muweze kuisimulia barazani bila karatasi. Kwa ufupi ni hivi. Wamazrui ndo waliokuwa wakitawala Mombasa mpaka 1837 Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alipowatoa, ukoo ukagawanyika, wengine wakaenda kusini wakakaa Gazi na wengine kaskazini Takaungu. Wa Takaungu wakaelewana na Zanzibar, wa Gazi wakawa wanavutana nayo miaka na miaka. Februari 1895 akafariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa), ile iliyopewa hati na Malkia mwaka 1888 na wakati huo iko hoi kifedha, ikamtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, sababu wanaelewana naye. Watu wengi wakaona haki ni ya Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, wa ukoo uleule na mkubwa kwa umri. Hapo ndo palipoharibika. Mbaruk wa Takaungu na ndugu yake Aziz wakatoka mjini wakaingia bara na watu wao na bunduki zao, Arthur Hardinge, balozi wa Kiingereza aliyekuwa Zanzibar, akaja na manowari, na katikati ya mvutano huohuo Kampuni ikafunga virago, tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaishika pwani yenyewe. Wale wa Takaungu wakakimbilia kwa Mbaruk mwengine, wa Gazi, aliyekuwa na ngome yake Mwele, kwenye milima ya Shimba. Hakuwatoa. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson akaivunja Mwele, na huyu Rawson ndo yuleyule aliyelipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar Agosti ya mwaka uliofuata. Kuivunja ngome hakukumaliza kitu, vita vikageuka vya msituni, na Waingereza hawakuviweza mpaka walipoleta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, wakamuweka Dar es Salaam na huko ndo alikofia, 1910.

Na kuna tarehe moja mie napenda iwekwe kwenye kila bango: 14 Desemba 1895. Siku hiyo huku bara bunduki zinalia, kule Zanzibar unatiwa sahihi mkataba wa maili kumi za pwani, Waingereza waziendeshe kwa jina la Sultani na walipe kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Mtoto wa shule ukimuonyesha vita na mkataba upande kwa upande anaelewa mara moja watu walikuwa wanapigania nini, hata kama hakuna aliyemwambia neno "ukoloni".

Sasa mitego. Mtego mkubwa wa Takaungu ni kuwa kuna Mbaruk bin Rashid wawili, wote Wamazrui, wote wa vita hivihivi, mmoja wa Takaungu na mmoja wa Gazi. Ukiandika "Mbaruk bin Rashid alianza vita Takaungu na akafia Dar es Salaam" ushawaunganisha watu wawili wakawa mmoja, na fundi wa mawe akishachonga ndo imetoka hiyo, hakuna kufuta. Kila pahali andikeni "wa Takaungu" au "wa Gazi", kila mara, hata kama sentensi inakuwa ndefu. Bango likishaandikwa mpeni mtu wa nje ya kamati alisome kwa sauti, afu mumuulize ni watu wangapi wametajwa.

Mtego wa pili ni neno "wa kwanza". Kila mji unataka kuwa wa kwanza. Wacheni. Witu walipigana na Waingereza 1890 na Admirali Fremantle akauchoma mji wao, na kule Pangani Bushiri bin Salim alishapigana na Wajerumani akanyongwa Desemba 1889. Ukisema Takaungu ndo wa kwanza utakuwa unamnyang'anya jirani yako chake, na mtu yeyote mwenye simu atakusahihisha kabla pilau haijapoa. Tena 1895 hakukuwa na nchi inayoitwa Kenya, jina hilo la koloni limekuja 1920, kwa hivyo kuandika "vita vya uhuru wa Kenya" pia kunavuta sana. Andikeni kilichotokea: vita vya pwani dhidi ya kutawaliwa na Mwingereza, vilivyoanza mwaka uleule Himaya ya Mwingereza hapa ilipotangazwa. Hiyo inatosha na ni kubwa.

Hapa nataka kukaa kidogo manake ndo pahali shughuli nyingi za namna hii zinavunjika ama zinakuwa uongo. Takaungu ya 1895 ilikuwa mji wa waungwana na watumwa. Mashamba ya mtama yaliyoupa mji utajiri yalilimwa na watumwa, biashara ya kuwasafirisha baharini ilipigwa marufuku na mkataba wa 1873 lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa pwani mpaka 1907. Kwa hivyo wale waliokuwa wanapigania wasichaguliwe mtawala, wengi wao walikuwa wanamiliki watu. Na watumwa walibebeshwa bunduki wakapigana pia, na wengine wakatumia fursa ya vurugu wakakimbia. Wajukuu wa hawa na wa wale leo wanaishi mtaa mmoja, wanaswali msikiti mmoja, wameoana, na kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Mtafanyaje? Ushauri wangu ni huu, na najua kuna wazee hawataupenda. Semeni wazi kwenye maelezo kuwa utumwa ulikuwepo na watumwa walikuwa katika vita, lakini msimsimamishe mtu yeyote mbele ya spika aseme yeye ametokana na nani. Kamati isiwe ya ukoo mmoja. Tafuteni watu wa mitaa yote, na mutoke nje ya mji muwafuate Wachonyi, Wajibana, Wakauma na Wagiriama wa vijiji vya nyuma, manake vita vile vilipita mashambani mwao na chakula kililiwa majumbani mwao, na mzee wa Kigiriama wa Marafa, Ngonyo, aliwaunga mkono wapiganaji kwa muda. Ukiwaita Wamijikenda waje kucheza ngoma tu saa nane mchana wakati maamuzi yote yashafanywa, wao watakuja, ni watu wa adabu, lakini watajua umewaita kufanya nini. Waiteni kikao cha mwanzo. Halikadhalika wajukuu wa Rashid bin Salim, yule aliyechaguliwa na Kampuni: ni watu wa mji huu, babu yao hakuwa shetani, na shughuli ikigeuka ya kumtukana mtu aliyekufa mtakuwa mumeufungua ugomvi wa 1895 upya.

Sasa kukusanya hadithi za wazee. Anzeni mapema, miezi sita kabla kama mnaweza. Enda kwa mzee baada ya swala ya alasiri, sio asubuhi ana shughuli zake, na usiende mikono mitupu, kahawa na kashata ama halwa kidogo inatosha. Msalimie kwa heshima yake, shikamoo mzee, shikamoo bibi, mueleze wewe ni mtoto wa nani, hapo atakuuliza mpaka bibi yako wa tatu na usikasirike, anatafuta pahali pa kukuweka. Muulize kama unaweza kurekodi na akikataa weka simu mfukoni uandike ukifika nyumbani. Akikubali iweke simu juu ya mto karibu na yeye, usiishike mkononi ukamuelekezea, watu wazima wakiona simu inawaelekea wanaanza kuongea kama wako redioni na hadithi inakauka. Zima feni. Ikiadhiniwa nyamaza, wacha irekodi, itakusaidia hata kujua ilikuwa saa ngapi.

Na usimuulize "nieleze historia ya Takaungu". Muulize: haya uliyasikia kwa nani, na ulikuwa mkubwa kiasi gani? Aliyekwambia alikuwa ameyaona ama aliambiwa? Nyumba yenyu ilikuwa wapi? Nani alikimbia, akakimbilia wapi, akarudi lini? Msiwaache akina mama. Wanaume watakupa majina ya wapiganaji, lakini ukitaka kujua nani alizaliwa mwaka wa vita, nani aliachwa na watoto, nani aliolewa Gazi na kwa nini, hayo yako kwa bibi anayechambua mchele uani. Andika kila toleo vile lilivyosemwa, hata yakipingana, usiyalainishe.

Upande wa karatasi, anzieni Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, Makavazi ya Taifa wako pale na wana maktaba, muwaandikie barua mapema mseme mnachotafuta. Nyaraka za serikali ya kikoloni nyingi ziko Kenya National Archives Nairobi, na ripoti za Hardinge zilichapishwa na bunge la Uingereza, kwa hivyo mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuwasaidia kuzipata. Zisomeni mkijua ziliandikwa na nani: humo babu zenu wote ni "waasi" na vijiji vilivyochomwa vinatajwa kwa mstari mmoja. Lakini tarehe zao ni nzuri, na tarehe ndo kitu wazee wetu hawakukiweka sana.

Tarehe ya shughuli yenyewe. Msiweke 20 Oktoba, sikukuu ya Mashujaa, wala 12 Desemba, ya Jamhuri, siku hizo zina wenyewe na kila mgeni mnayemtaka atakuwa uwanja mwengine. Februari ingefaa kwa sababu ya kifo cha Salim bin Khamis, lakini miaka hii Ramadhan inaangukia hukohuko. Mimi naona Agosti, karibu na tarehe 17 ya Mwele, shule zimefungwa na watoto wa Takaungu walioko Mombasa na Nairobi wanaweza kuja, mvua za masika zishapita. Ubaya wa Agosti ni kusi, bahari iko chafu, kwa hivyo msahau mashindano ya ngalawa nje, mkitaka maji fanyeni ndani ya mlango wa hori la Takaungu ambako kumetulia. Na Agosti 2027 ni uchaguzi mkuu, mwaka huo hamisheni kabisa, la sivyo shughuli yenu itakuwa mkutano wa kampeni na mashujaa watatajwa mara moja tu kwa makosa ya matamshi.

Ruhusa zisiwachelewe. Mkutano wa hadhara unatakiwa kupelekewa taarifa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 mpaka 14 kabla, sio zaidi sio pungufu, ipelekeni kwa maandishi na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri. Chifu na mzee wa mtaa wajue, kamati ya msikiti ijue, na kama mtatumia boti za wavuvi muongee na BMU, kamati ya wavuvi ya ufukweni. Magofu na makaburi ya zamani yanalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya 2006, kwa hivyo hakuna kuchimba, hakuna kupaka rangi ukuta ati upendeze kwenye picha, na hakuna kuziba nyufa kwa simiti. Hili la simiti nalisema kwa uchungu, kuta zetu za mawe ya matumbawe zinapumua, simiti inafungia unyevu na chumvi ndani na baada ya miaka michache ukuta unamumunyuka kutoka ndani. Kama lazima kitu kishikwe basi iwe ni chokaa, na fundi aelekezwe na watu wa Fort Jesus.

Kama mnao watoto wa Mombasa, siku moja kabla wapelekeni Fort Jesus na makaburi ya Wamazrui yaliyo karibu nayo. Waonyesheni kuwa ile ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, na ambayo Wamazrui waliitawala, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895, mwaka huohuo wa Takaungu, ikabaki jela mpaka 1958. Kesho yake ndo mpande matatu za Kilifi pale Abdel Nasser, mpite Mtwapa, Kikambala, na mashamba ya mkonge ya Vipingo, mshuke stegi ya Takaungu, kutoka barabara kuu mpaka mjini ni mwendo wa boda, ila kwa watoto kodisheni gari iingie mpaka ndani.

Siku yenyewe mie ningeipanga hivi. Asubuhi mapema khitma na dua ya wote waliokufa katika vita vile, wa pande zote, waungwana na watumwa, na wazee wa Kimijikenda wafanye ya kwao kwa mila yao wasiingiliwe. Baada ya chai, mahamri na mbaazi kwa kila mtu na sio wageni wa tenti kubwa tu, watu watembee mji kwa miguu: msikitini, kwenye kuta za zamani, mpaka ufukweni. Kila kituo mtoto mmoja asome maneno machache aliyojifunza kwa mzee mmoja, na huyo mzee akae hapohapo kwenye kiti, chini ya kivuli. Msifanye vituo vingi, jua la Takaungu saa tano si mchezo, na wazee wetu hawapendi kusema kuwa wamechoka. Hotuba ziwe baada ya chakula na ziwe chache, mheshimiwa apewe dakika tano na MC awe mtu asiyemuogopa. Kama kuna mshairi kijijini, na Takaungu hakukosi, mpe nafasi mapema wakati watu bado wana masikio.

Bango la kudumu sasa. Hewa ya bahari inakula chuma, na hata zile stenlesi za bei nafuu zinaota kutu mwaka wa pili, kwa hivyo tafuteni jiwe, itale ama marumaru nzito, herufi zichongwe ndani, zisibandikwe. Liwekwe kwa urefu wa macho ya mtoto wa darasa la nne. Kiswahili juu, Kiingereza chini kama mnakitaka. Majina ya wafadhili yakae kwenye karatasi, yasikae kwenye jiwe. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis al-Mazrui, mkubwa wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza ilimtaka Rashid bin Salim ashike nafasi yake. Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, ndugu yake Aziz, na watu wengi wa mji huu na vijiji vya jirani walikataa. Vita vikaanza, vikaenea pwani, vikaisha Aprili 1896. Walipigana waungwana, watumwa na Wamijikenda. Majina ya wengi hayakuandikwa."

Pesa: mweka hazina mmoja, laini moja ya M-Pesa isiyokuwa ya mtu binafsi, na wiki inayofuata hesabu zibandikwe ukutani karibu na msikiti, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na risiti zipigwe picha. Hili likikosekana mwaka wa pili hakuna atakayechanga.

Na zile rekodi za wazee zisilale kwenye simu ya katibu. Fanyeni nakala, moja kwa familia ya aliyezungumza, moja kwa shule ya msingi ya mji, moja kwa Fort Jesus, na kila moja iandikwe jina la mzee kama alikubali jina litajwe, tarehe, na nyumba mliyokaa. Faili linaloitwa AUD likafuatwa na namba kumi hakuna atakayelifungua baada ya miaka mitano. Wale wazee waliokataa kurekodiwa mwaka huu wapitieni tena mwakani, wengine hukubali wakishaona hadithi ya jirani yao imesomwa na mtoto mbele ya watu na hakuna aliyeicheka.